Mgeni wa Chumba Namba Nane

Sogeeni, na mwenye usingizi aende kwao, maana hadithi hii ni ya mtu aliyelala hotelini karibu miaka miwili na hali alikwisha kuzikwa.

Walikuwa watatu, kila mmoja na kipaji chake. Nakijwa alikuwa na sikio: ukikohoa nyuma ya ukuta anakutaja jina. Shekiondo alikuwa na jicho, na kazi yake ilikuwa kuzipa nyota hoteli tatu za tajiri mmoja, ili wateja wenye kadi za uanachama wajue pa kulala. Mbaruku, mbeba mizigo wa hoteli ya Lushoto, alikuwa na mabega ya kubeba chochote, siri ikiwemo.

Mume wa Nakijwa, Bwana Mbwambo, alikuwa mwanachama. Alifia katika hoteli hiyo ya Lushoto, akazikwa kwao Same, mkewe akishuhudia. Lakini kila asubuhi simu ya mjane ilipokea ujumbe: "Asante kwa kulala kwetu tena, Bwana Mbwambo." Ulipofika usiku wa mia saba na tatu, Nakijwa alichoka. Kulia kwenyewe alikuwa hajamaliza. Utamliaje mtu ambaye bado anahesabiwa? Akapanda Lushoto.

Alimkuta Shekiondo na fomu zake, anakagua. Ilikuwa saa nne asubuhi, ukungu umeshika madirisha. Chumba namba nane, alimofia Bwana Mbwambo, wakaambiwa hakina mtu.

Nakijwa akabisha, Mbaruku na wafanyakazi wengine wakiwa nyuma yake. "Hodi."

"Karibu, Mama Niendiwe."

Wengine walisikia upepo tu. Yeye alisikia sauti ya mumewe, na kikohozi chake juu. Hakukimbia. "Baba Niendiwe, mbona huendi ukapumzika?"

"Niende vipi? Sijaagwa hapa nilipofia."

Shekiondo akafungua mlango. Kitanda kimetandikwa, mto umebonyea, na ukiugusa una joto. Wengine waliona hayo tu. Yeye aliona zulia limelika mstari mwembamba, akaufuata kutoka kitandani mpaka mlango mkuu wa hoteli, na pale kizingitini nyayo zote zimegeuka.

"Kila siku anafika hapa, anarudi," alisema. "Kwani maiti yake ilitolewa kwa mlango gani?"

Mbaruku alijua akisema kazi hana, akasema.

"Jikoni. Meneja alihofia wanachama wakiona maiti watatunyima nyota kwenye fomu za wageni. Nilimbeba mimi, mama, nikampitisha kwenye masufuria kama gunia la viazi. Hakuna aliyemwambia kwaheri. Nisamehe."

Kisha akarudi chumbani, akainama kando ya kitanda, akainuka amepinda mgongo kwa uzito usioonekana, jasho linamtiririka. Shekiondo akashika mlango mkuu. Nakijwa akatembea ubavuni akimuaga mumewe kwa majina yote aliyowahi kumwita. Hatua ya saba nje ya kizingiti, mgongo wa Mbaruku ukanyooka. Nakijwa akalia, na safari hii alilia mpaka akamaliza.

Simu yake ikapokea ujumbe: "Safari njema, Bwana Mbwambo."

Waliporudi chumbani walikuta fomu ya wageni kitandani, imejazwa kwa mwandiko wa marehemu. Nyota nne, ya tano kainyima, nadhani kwa ajili ya ule mlango wa jikoni. Chini imechapwa: "Taja mmoja tu aliyekuhudumia vema kuliko wote. Atalala bure katika hoteli zetu maisha yake yote." Hapo hapakuwa na jina. Kalamu imelazwa juu yake, bado ina joto la mkono.

Bila sikio, nani angejua anataka nini? Bila jicho, nani angeuliza alipotokea? Bila mabega asingetoka, ingawa mabega hayo hayo ndiyo yaliyomkwamisha.

Msinitazame mimi. Mgeni amewaachia nyinyi kalamu. Je, wewe ungeandika jina la nani?