Bi Lubaba na Kitanda cha Kuoshea

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa bara ya Yemeni aliishi mja mwema aliyeitwa Bi Lubaba binti Nufail, na kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike. Hapakuwa na nyumba mjini ambayo hajawahi kuihudumia kwa majani yake ya mkunazi na kafuri yake, wala hapakuwa na mtu aliyepata kusikia kinywani mwake alichokiona juu ya mwili wa fulani. Kovu, kilema, alama ya kuzaliwa, vyote vilikwenda kaburini na mwenyewe. Hilo ndilo sharti la mwosha, naye alifundishwa na Bi Atika, aliyeifanya kazi hiyo miaka arubaini kabla yake, na ambaye sasa alikuwa ajuza wa mgongo uliopinda, hatoki tena nyumbani.

Basi Bi Lubaba alikuwa na maumivu ya kiuno. Si ya jana wala juzi, bali mwaka wa kumi na moja ulikuwa unaingia. Yalianzia upande wa kulia, yakashuka pajani mpaka kisiginoni, na yalikuwa naye alipolala na alipoamka. Katika swala alirefusha sijida, wanawake wenziwe wakamsifu kwa uchaji wake, kumbe masikini alikuwa akikusanya nguvu za kuinuka. Sifa hizo zilimchoma, maana alijua si zake.

Alipoulizwa hali, jibu lake lilikuwa moja tu: "Alhamdulillahi." Aliamini kwamba atajaye maumivu yake amemshitaki Mola kwa viumbe, na kwamba neno moja la "naumwa" lingemwaga thawabu za miaka yote. Na tuseme kweli, maana kisa bila ukweli ni porojo: palikuwa na hofu nyingine chini ya hiyo. Aliogopa kwamba akisema, ataambiwa apumzike, apewe mwingine kazi ile, naye hakuona amali nyingine ya kwenda nayo mbele ya Mola wake.

Wahenga wamesema, mficha maradhi kilio humuumbua. Na kilio kikaja. Asubuhi ya Ijumaa alifariki mke wa mwoka mikate, mwanamke mwenye mwili, akaletwa katika chumba cha kuoshea kilicho ubavuni mwa msikiti. Binti yake akaomba amsaidie Bi Lubaba kwa kummiminia maji. Walianza vyema. Lakini Bi Lubaba alipoinama kumgeuza maiti ili amwoshe upande wa kulia, kiuno kikamkamata kwa nguvu ambazo hakuwahi kuziona. Mkono ukalegea. Mwili ukateleza mpaka ukingoni mwa kitanda, na lau si binti kutupa kata ya maji na kumzuia mama yake kwa kifua chake, ungeanguka sakafuni.

Wakamrudisha mahali pake. Binti, ambaye hakujua lolote, akasema kwa upole, "Ni maji, mama yangu. Kitanda kimeteleza. Usijilaumu."

Tazama mlango aliofunguliwa. Kuitikia kwa kichwa kungetosha, na siri ya miaka kumi na moja ingebaki ndani. Lakini Bi Lubaba alimaliza kuosha, akakausha, akakafini, kisha akamshika binti yule mkono.

"Mwanangu, si maji. Ni kiuno changu. Kinaniuma miaka, nami nimeficha, na leo nusura nimvunjie heshima mama yako. Nisamehe wewe, na yeye nitamwombea."

Binti akalia. Alikuwa na kilio chake tayari, akaongeza na hicho. Akamsamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na matanga yalipokwisha akamfuata nyumbani, akampeleka kwa Bi Unaisa, tabibu wa wanawake, aliyerithi pembe za chuku, za kuumikia wagonjwa, na elimu ya dawa kutoka kwa marehemu baba yake.

Bi Unaisa alimkalisha mkekani akamuuliza panamuuma wapi. Bi Lubaba akajibu, "Alhamdulillahi." Akamuuliza yameanza lini. Akajibu vilevile. Mazoea yana taabu; mtu huungama mara moja, na kesho yake ulimi umesharudi njia yake ya zamani. Alipoulizwa mara ya tatu na kujibu hivyohivyo, tabibu aliweka pembe zake chini.

"Bi Lubaba, shukurani hiyo ni haki ya Mola wako, na imemfika. Mimi nimeomba kiuno."

Bi Lubaba akainamisha kichwa. Akaeleza kwamba amezoea kusitiri, kwamba ulimi wake umefundishwa kufunga yale yaliyomo mwilini.

"Aibu ya maiti husitiriwa kwa kuwa hatibiwi tena," akasema Bi Unaisa. "Wewe u hai. Mbona umejikafini mapema? Nabii Ayyub, amani iwe juu yake, alimwambia Mola wake kwamba dhara imempata, na bado akahesabiwa katika wenye subira. Subira ni kutomkasirikia aliyekupa mtihani. Kumnyima habari tabibu si subira, ni kumpa kazi ya ramli."

Hapo Bi Lubaba akasema. Alisema yote: kiuno, paja, kisigino, ganzi ya vidole asubuhi, hofu ya kuinuka katika sijida, na machozi aliyoyafuta kwa ncha ya mtandio akijitia kupiga chafya. Alisema mpaka maji yaliyobandikwa jikoni yakakauka. Na alipomaliza alishangaa, maana imani yake ilikuwa pale pale, haijamwagika hata tone.

Tabibu akamkanda kwa mafuta ya ufuta ya vuguvugu, akampiga chuku, akamfunza kufunga chumvi ya moto katika kitambaa na kulala ubavu na mto kati ya magoti. Akamwamrisha atembee kidogo kila asubuhi, hata siku asiyotaka. Wala hakumdanganya. Alimwambia kwamba maumivu ya muda huo yameshakuwa mwenyeji, huenda yasihame kabisa, ila mwenyeji naye hufundishwa adabu. Kisha akamuuliza ni wakati gani hasa yanapozidi.

"Ninapoinama juu ya kitanda cha kuoshea."

"Kina kimo gani?"

Bi Lubaba akaonyesha chini kidogo ya goti lake. Akaongeza, kwa heshima, kwamba kitanda kile ni wakfu wa wazee wa kale, na watu husimulia kwamba mwenye wakfu alikifanya kifupi makusudi, ili mwosha ainame na kunyenyekea mbele ya mauti.

Bi Unaisa hakubisha na wazee. Alikwenda kwa imamu kuuliza kama yafaa kukiinua. Imamu akafikiri, akajibu kwamba wakfu umewekwa kwa ajili ya kuwastiri maiti, na haukuwekwa kwa ajili ya kuwavunja walio hai. Seremala akaitwa. Alipokipindua kitanda alicheka peke yake, kisha akawaita waje kuona. Miguu ilikuwa na nakshi ya maua, mviringo juu ya mviringo, lakini kila mguu ulikatikia katikati ya ua.

"Hakikuzaliwa kifupi hiki," akasema. "Miguu imeoza kwa maji, ikakatwa. Ikaoza tena, ikakatwa tena. Unyenyekevu huu umeletwa na msumeno."

Kikaungwa miguu mipya hadi usawa wa nyonga. Siku hiyohiyo Bi Lubaba, badala ya kwenda kwake, alipita kwa mwalimu wake Bi Atika, akamkuta amejilaza ubavu, akamsimulia jambo lote tangu kuteleza kwa maiti mpaka nakshi iliyokatika.

Ajuza akasema, "Mimi nilidhani ni dhambi zangu."

Bi Lubaba hakuelewa.

"Kiuno. Upande wa kulia, mpaka kisiginoni. Miaka yote ile naomba maghfira kwa kosa nisilolijua. Kumbe ni kitanda." Na hapo Bi Atika akacheka, akacheka mpaka machozi, na Bi Lubaba akacheka na kulia pamoja naye, wakimshukuru Mwenyezi Mungu mmoja baada ya mwingine.

Kisha Bi Lubaba akapasha mafuta ya ufuta. Alipajua mahali pa kukanda bila kuambiwa, maana ramani ya maumivu yale alikuwa nayo mwilini mwake. Hata hivyo aliuliza, "Unaumwa wapi, mwalimu wangu?"

Na Bi Atika, kwa mara ya kwanza katika umri wake, akasema, "Hapa."

Bi Lubaba alimkanda hivyo kila jioni kwa miaka miwili. Na mwosha huoshwa. Siku ilipofika, Bi Atika alilazwa juu ya kitanda alichokitumikia, kikiwa kimeinuliwa. Bi Lubaba aliamka na maumivu asubuhi ile, maana hayakumhama kabisa mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini alimgeuza mwalimu wake taratibu, kulia na kushoto, na mkono wake haukulegea.

Ndugu zangu waumini, mja anayeumwa ana haki ya maneno mawili, na moja halifuti lingine. Aseme alhamdulillahi, kwa kuwa Mola wake hakumwacha, kisha aonyeshe panapouma, kwa kuwa huenda aliye nyuma yake anainama juu ya kitanda kilekile. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Lubaba na mwalimu wake, na awape wepesi wote wanaoamka leo na maumivu yao. Amin.