Mkuu Aliyejipunguzia Mshahara

Hapo zamani, wala si zamani sana, mkuu wa jimbo alijipunguzia mshahara. Mnacheka? Hata mimi nilicheka, kisha nikaacha.

Jimbo hilo lilikuwa na katiba yake, na kila badiliko lilisomwa uwanjani mbele ya wananchi wote. Desturi ilikuwa moja: wananchi wakipaza sauti "Imepita!", msomaji anakunja karatasi. Yaliyobaki yanahesabiwa kuwa yamesomwa.

Basi Mkuu Chambuso akaandika badiliko lake. Karani Mwalonde akasimama, akasoma: "Mshahara wa mkuu wa jimbo utakatwa nusu."

"Imepita!" Uwanja mzima ukalipuka. Watu wakakumbatiana. Mwalonde akakunja karatasi.

Bi Sinayo, mjane mwenye shamba la mpunga chini ya bwawa, hakushangilia. Alimnong'oneza jirani yake, "Tangu lini mkubwa akajipunguzia chake bure? Karatasi ile naiona ina mstari wa pili. Amalize kusoma."

"Mama, nawe umezidi!" jirani akamaka. "Hata jema huliamini?"

Bi Sinayo akaona haya, akanyamaza.

Mstari wa pili ulisema: "Mkuu hatakuwa tena na wajibu wa kuamuru lango la bwawa lifunguliwe." Nani ataamuru badala yake? Karatasi haikusema. Mwaka uliotangulia Chambuso alichelewa kuamuru, akazomewa hadi mlangoni kwake. Sasa hesabuni wenyewe alichokuwa akikinunua kwa ile nusu.

Masika yakaja, maji yakapanda. Tegeza, mlinzi wa lango, akakimbia na ufunguo hadi kwa mkuu. "Mheshimiwa, nifungue?"

"Kazi hiyo si yangu tena."

Akakimbia kwa karani. "Ndugu yangu, nifungue?"

"Mimi nasoma tu."

Tegeza akarudi langoni, akasimama na ufunguo wake akingoja amri, mpaka ukingo ukapasuka. Shamba la Bi Sinayo likasombwa lote, na mpunga ulikuwa umebakiza wiki mbili kuvunwa. Pakabaki mawe.

Mahakama ikaamua kwamba mjane apewe shamba jingine, likatwe kwenye ardhi ya mwenye kosa. Hapo ndipo kila mtu alipojua kusema.

Mkuu akasema, "Niliandika wazi, sikuficha neno. Wenyewe mlipitisha."

Karani akasema, "Niliishia pale mliponiachisha. Ningeendelea, mngesema navunja desturi."

Mlinzi akasema, "Anayefungua bila amri anafungwa. Nina watoto watano. Niliuliza mara mbili, nani mwingine aliuliza?"

Wananchi wakasema, "Sisi tulishangilia tulichosikia." Lakini walisema kwa sauti ndogo, tofauti na ile ya uwanjani.

Na Bi Sinayo, maskini, akasema akilia, "Mimi nilijua. Nilijua, nikaogopa kuitwa mwenye husuda."

Wote wamesema kweli, na ndiyo maana siwaamini hata mmoja. Mjane bado amesimama pale kwenye mawe, anawatazama.

Je, shamba lake likatwe kwa nani? Na wewe uliyekwisha fungua kinywa kunijibu, uwanjani siku ile ungepaza sauti gani?