Mayai ya Nyamizi na Mashine Iliyojifunga

Hapo zamani, na wala si zamani sana, maana simu zilikuwa zimeshajaa mifukoni, huko Nzega aliishi mama mmoja aitwaye Nyamizi. Alinunua mashine ya kutotoleshea vifaranga, akamaliza kuilipa, ikawa mali yake. Ndivyo alivyodhani. Wanawake wa mtaa mzima wakamletea mayai, kila mmoja akiyatia alama yake ya mkaa.

Siku ya kumi na nane feni ya mashine ikaungua. Nyamizi akanunua nyingine dukani, akaifunga mwenyewe. Mashine ikagundua kuwa feni si ya kampuni, ikajizima, ikaandika kwenye kioo chake: "Imefungwa. Mwite fundi wetu." Akapiga simu. Akaambiwa fundi atafika baada ya wiki mbili. Mali yako, ruhusa ya wengine; makubwa haya.

Nyamizi akakaa chini kando ya mashine, akapiga hesabu. Mayai mia mbili, vifaranga wamebakiza siku tatu, na kila yai lina mwenyewe.

Akaja jirani yake, Mhoja. Akajaza chupa maji ya moto, akazipanga katikati ya mayai, akayafunika kwa blanketi za wanawe. Chupa ikipoa, anabadilisha. Ikipoa, anabadilisha. Tangu asubuhi hadi alasiri hakuinuka ila kwenda kuchemsha maji.

Akaja Masele, fundi redio. Mashine ilikazwa kwa parafujo zinazokataa bisibisi ya kawaida. Masele akang'oa spoki ya baiskeli yake mwenyewe, akainoa kwa tupa mpaka ikakubali. Nyuma ya kifuniko akakuta kitufe cha kufungulia. Akakibonyeza, mashine ikadai namba ya siri.

Akaja Kabula, aliyekuwa likizo kwa mama yake. Alikuwa karani wa kampuni hiyohiyo, na alikuwa ametia saini kwamba namba ile hataitoa. Akayatazama mayai, akaitaja. Mashine ikawaka. Kampuni ilipojua, kazi ya Kabula ikaishia hapo.

Siku ya tatu vifaranga wakatoka, wengi hata sakafu haikuonekana. Nyamizi akalia, akacheka, akawashika mikono wote watatu, hana neno ila asanteni, asanteni.

Lakini mtaa ule ulikuwa na desturi yake. Kifaranga wa kwanza hupewa aliyeokoa mayai, mtu mmoja tu, na uzao wote wa kuku huyo huitwa kwa jina la mtu huyo.

"Mama Nyamizi, nisiwe mnafiki," akasema Masele. "Bila mimi kufungua mashine, hiyo namba ingeingizwa wapi? Na mpaka leo natembea kwa miguu."

"Shangazi, mimi sikuja kudai," akasema Kabula. "Ila wenzangu hawa wamerudi kwenye kazi zao. Mimi sina pa kurudi."

Mhoja akafuta mikono kwenye kanga. "Shoga yangu, hawa waliifufua mashine. Mayai nilikuwa nayo mimi. Ingewaka ikayakuta ya baridi, ingetotoa nini?"

Nyamizi akabaki amesimama, kifaranga analia kiganjani mwake. Shukrani alikuwa nazo za kuwatosha wote. Kifaranga alikuwa mmoja.

Haya, msinitazame mimi. Je, kuku wa mtaa ule walistahili kuitwa kwa jina la nani?