Kopo la Kupozea Maji

Isome hadi mwisho, kisha mpelekee yeyote mwenye jiko.

Palikuwa na mama mmoja, Somoe, kwenye kijiji ambacho ugonjwa wa kuhara ulikuwa ukipita nyumba hadi nyumba. Binti yake alikwisha kumzika. Alibaki na Shaibu, wa miaka minne, naye tumbo lilikuwa likimsokota tangu jana yake.

Kijiji kikapata la kusema. Akifika kisimani, wote kimya. Akiondoka, midomo inafunguka: "Mvivu yule, hachemshi maji." Aliyevumisha kuliko wote ni wifi yake, Mwajabu, ambaye kwao ulimi wake ndio hulala wa mwisho.

Asubuhi hiyo Mwajabu akaja na kanga ya kubebea begani.

"Nimekuja kumchukua mtoto wa kaka yangu kabla hujammaliza."

"Wifi, nachemsha. Wallahi nachemsha."

"Kama unachemsha, mbona anahara?"

Somoe naye alijiuliza hivyo hivyo. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Wakiwa bado mlangoni, akafika mtangazaji wa redio, Kihwelo, na daftari lake. Zahanati alipewa idadi ya wagonjwa. Kisimani akapewa mengine yote, na chumvi juu. Habari alikwisha kuiandika. Somoe hakusoma sana, ila jina lake alilijua. Akaliona juu ya ukurasa: Somoe agoma kuchemsha maji. Akamvutia mgeni kigoda.

"Baba, kabla hujaisoma hiyo redioni, kaa hapa. Ukiona sichemshi, mtoto na achukuliwe."

Mwajabu akachekea puani. "Kaa, mwanangu. Utaota mvi hapo."

Kihwelo akakaa kwenye kigoda. Moto ukawashwa. Maji yakatokota mpaka mfuniko ukacheza. Mwajabu akajifanya anatazama kuku.

Somoe akamchotea mgeni kikombe. Sasa, kijijini kwao, kumpa mgeni maji ya moto ni kumwambia aende zake. Basi akachovya kopo mtungini, akaongezea kikombeni, akampa kwa mikono miwili.

Kihwelo hakupokea. "Mama, haya uliyoongeza yamechemshwa?"

"Hayo? Hayo ni ya kisimani, ya kupozea tu."

"Na Shaibu humpozea hivi hivi?"

"Sasa mtoto atakunywaje ya moto..."

Akakaa chini, kopo mkononi, akilitazama kana kwamba limemng'ata.

Kihwelo akamgeukia Mwajabu. "Na wewe mama, kwako mnapozaje?"

Mwajabu akaliangalia lile kopo. Na yeye alikuwa na watoto wanne nyumbani, na mtungi, na kopo. Akamfunga Shaibu mgongoni kwa ile kanga aliyokuja nayo.

"Inuka, wifi," akasema taratibu. "Tumpeleke zahanati. Tukitoka huko, twende kwangu tukaumwage mtungi wangu."

Kihwelo akauchana ule ukurasa. Jioni redio haikutaja jina la mtu, ilitaja kopo. Na katika kila nyumba iliyosikia, kuna mkono uliokuwa njiani kwenda mtungini, ukasita.

Siku ya tatu Shaibu alirudi nyumbani akidai uji. Walimpa ukiwa umepoa wenyewe.

Funzo: Kabla hujaitangaza nyumba ya mwenzio, kaa kwanza jikoni kwake, huenda kopo lililomponza yeye na kwako lipo.