Tonge la Bibi Kasoki

Hapo zamani, vita vilipokuwa vimepita lakini mahandaki hayajaota majani, walikuwepo wanawake watatu wa kilima kimoja: Masika, Biira na Katungu. Askari waliwanajisi wote watatu. Sielezi zaidi, Mungu aliyeona anatosha. Lakini kijiji nacho kikawaongezea jeraha: kikakataa kula nao sahani moja. Aliyeanza ni Bibi Kasoki, mama mkwe wa Masika. Alisukuma sahani yao kando, na kijiji kizima kikasukuma.

Siku moja ikaja habari: kamanda wa wale askari amekamatwa, atahukumiwa ng'ambo, kwenye mahakama ya mataifa.

Masika akasema, "Naenda kusema."

Biira akasema, "Naenda kuuliza." Maana mahakama ile iliwaruhusu walioumizwa kuuliza kwa kinywa cha wakili.

Katungu akasema, "Siendi. Maharage yatapaliliwa na majaji?"

Basi Masika akasimama mahakamani. Wakamwekea pazia, wakambadilishia sauti asijulikane. Akaisikia sauti yake inakoroma kama chura mwenye mafua. Akasema, "Waheshimiwa, ondoeni pazia. Aibu ni ya yule, na nataka anione." Pazia likaondolewa. Akasema yote, mpaka mkalimani akaomba maji.

Kamanda akainuka na fimbo yake, anachechemea. "Kilima hicho sijawahi kukikanyaga!"

Biira akamnong'oneza wakili. Wakili akauliza, "Bwana Kamanda, mguu uliumia wapi?"

"Porini huko, mbali."

"Biira anasema ulitumbukia kwenye shimo lake la kuivishia ndizi za pombe. Anasema lilikuwa pembeni, wazi kabisa. Mlevi tu ndiye asingeliona."

"Pembeni?" kamanda akafoka. "Pembeni wapi, mwanamke mwongo huyu! Lilikuwa katikati ya njia, limefunikwa majani!"

Majaji wakainamia karatasi, wakaandika. Mtetezi wake akajifunika uso kwa joho.

Huku kilimani, Katungu alilima shamba la Masika na kumlea mtoto wa Biira. Aliwaita wanawake wengine walioumizwa, wale ambao hawakuwahi kumwambia mtu. Wakipalilia, yeye aliimba vibaya makusudi ili wacheke. Aliyecheka leo, kesho alilia, keshokutwa alipata usingizi.

Kamanda akafungwa. Masika na Biira wakarudi, kijiji kikaona haya. Na desturi ya kilima kile ni hii: aliyemsukumia mwenzake sahani hupiga magoti, akamlisha kwa mkono wake tonge la kwanza yule aliyeuondoa msiba. Tonge halikatwi. Na kabla halijamezwa, hakuna anayekula.

Bibi Kasoki akapiga magoti, tonge mkononi. "Wanangu, nilikosa mimi, na Mungu anajua. Nimlishe yupi?"

"Mimi, mama," akasema Masika. "Niliondoa pazia mbele ya dunia. Nisingesema, wakili angeuliza nini?"

"Ulisema vizuri, dada," akajibu Biira, "naye akakana vizuri vilevile. Lililomfunga ni shimo langu."

Katungu akapiga makofi. "Hongereni! Nyinyi wawili mmemfunga mtu mmoja. Mimi nimefungua vifua vya kilima kizima. Halafu hayo maharage ya kitoweo, nani kayapalilia?"

"Ungekuja mahakamani basi!" akasema Biira.

"Nije, mtoto wako anyonyeshwe na wakili?"

Watu wakacheka, hata Bibi Kasoki akacheka, machozi yakimtoka. Lakini walipomaliza kucheka, tonge lilikuwa bado mkononi.

Sasa magoti ya bibi yanauma, ugali unapoa, na kijiji kizima hakijala. Msinitazame mimi, nikimtaja mmoja, wawili watanisusia sahani. Semeni nyinyi: je, nani alistahili tonge la Bibi Kasoki?