Mlango wa Nyumba ya Mama Swala

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmemeza ndimi? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale Mama Swala alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na Fisi alizihesabu siku hizo kuliko yeye mwenyewe. "Nikizaa nje, mwanangu ataliwa," akalia. "Nijengeeni nyumba!"

Fundi wa nyumba nzima hakuwepo. Wakaungana watatu kwa kazi hiyo moja tu, ikiisha kila mtu na hamsini zake. Fuko sakafu, Mchwa ukuta, Mnana, yule ndege msukaji, paa. Lakini Fuko hapandi juu, Mnana hashuki chini, Mchwa hatoki kichuguuni. Hawakukutana hata siku moja. Maneno alipeleka Kasuku, na Kasuku mnamjua, hasahau neno wala haongezi la maana.

Kiboko akajitokeza. "Umoja bila mwenyekiti ni umoja gani?" Akachora nyumba mchangani: sakafu, ukuta, paa, mlango. Kisha akalala.

Fuko akachimba. "Mwenyekiti, sakafu tayari!"

"Endeleeni, naratibu!"

Mchwa akajenga. "Mwenyekiti, ukuta tayari!"

"Endeleeni, naratibu!"

Mnana akasuka. "Mwenyekiti, paa tayari!"

"Endeleeni, naratibu!" Akageukia ubavu wa pili.

Mama Swala akaingia, uchungu umeshambana. Ageuke afunge, loo! Uwazi mtupu, na Fisi yule anakuja.

"Kasuku, mlango uko kwa nani?"

Kasuku akaruka mbio. Fuko akasema, "Mimi wa chini." Mchwa akasema, "Uwazi nimeuacha, mlango nilidhani wa Mnana." Mnana akasema, "Mimi nilidhani wa Mchwa."

Mama Swala akawaka. "Mwenyekiti! Kazi yako wewe ni ipi?"

"Kuratibu, mama."

"Basi njoo uzibe hapa!"

Kiboko akatumbukiza kichwa ndani, makalio yakabaki nje. Fisi akafika, akang'ata.

"Uwiii!"

"Vumilia, mzee, kichwa kimetoka!" akajibu Mama Swala kutoka ndani.

Akang'ata tena. "Uwiii!"

"Vumilia, mabega hayo!"

Akang'ata mara ya tatu, jino likavunjika. "Uwiii!"

"Ahsante, mzee, tumejifungua!"

Wapita njia hawakujua nani aliyekuwa akizaa. Fisi akaondoka ameshika taya. Fuko, Mchwa na Mnana wakaachana salama, kila mmoja kwake.

Ngano imefika ukingoni. Mkiungana kwa kazi, ulizeni mapema: ile isiyo ya mtu, ni ya nani? Tamu ichukueni, chungu nirudishieni mwenyewe.

Na Kiboko ukimuuliza, atakuapia hakulia. Mimi nilikuwepo. Alilia.