Mwiba Mlangoni kwa Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa mmeitika kwa kunong'ona. Naelewa. Ngano hii ni yenu kuliko watoto.

Palikuwa na Nungunungu, mvivu wa kuchimba. Alichimbiwa shimo na Muhanga, fundi wa mashimo, mwenye macho hafifu. Malipo yalikuwa makapu kumi na mawili ya mchwa, kapu moja kila mwezi ukiandama. Rehani ilikuwa mwiba wake mmoja. Muhanga aliuchomeka mlangoni, akasema, "Mwiba huu ndio wewe. Makapu yakitimia nitaung'oa."

Mwezi ukiandama, Muhanga alisimama mlangoni. "Upo?" Nungunungu alitikisa miiba yake, chakacha-chakacha. "Upo," akasema Muhanga. Akabeba kapu, akaenda zake.

Yakaenda makapu saba, yakabaki matano. Nungunungu akataka kuhamia kwa bintiye bondeni. Akamwuzia shimo Mama Ngiri, mwenye watoto wanne na hana pa kuwalaza. Mama Ngiri alitoa viazi vyake vyote vya mwaka.

"Na makapu yaliyobaki?" akauliza.

"Utalipa wewe, mwenzangu. Mwiba wangu tuuache palepale."

"Tusimwambie Muhanga?"

"Ukimwambia ataongeza makapu. Chukua kibuyu hiki, kina kokoto ndani. Akiuliza 'Upo?', wewe tikisa."

Mwezi ukaandama. "Upo?" Chakacha-chakacha. "Upo." Mwezi wa pili, chakacha-chakacha. Huko bondeni Nungunungu akala viazi, akanenepa, akajiona mjanja.

Kikaja kiangazi. Mchwa wakazama chini kabisa. Mama Ngiri akachimba kwa pembe, akachimba kwa pua, asipate hata mmoja. Miezi miwili kibuyu kikalia, kapu hakuna. Muhanga akachoka. Siku moja wenyeji wako malishoni, akalifukia shimo, puu, puu, puu. Akaung'oa mwiba, akauchomeka kisimani wanapokunywa wanyama wote.

Nungunungu akaja kunywa maji.

"Mwiba huu wa nani?" akauliza Muhanga.

Wanyama wote wakamgeukia. Nungunungu akasema, "Shimo niliuza. Mdaiwa ni Mama Ngiri."

"Mama Ngiri simjui. Kila mwezi nilisikia miiba yako."

Mama Ngiri alikuwa pale pale na watoto wake, wamejaa vumbi, hawana nyumba. Kibuyu bado alikuwa nacho. Akasema polepole, "Dada, kila alipouliza tulitikisa, kama ulivyotufundisha. Tumekosea wapi?"

Nungunungu aliona haya, haya kwelikweli. Miiba yake yote ikalala.

"Ungekuja kuniambia," akasema Muhanga, "ningekurudishia mwiba wako, nikaweka alama ya Mama Ngiri. Na kiangazi hiki ningemsubiri. Hata Fisi aliposhindwa kulipa nilimsubiri, sembuse mama wa watoto wanne?"

Basi Nungunungu akabeba kapu. Akachimba mchwa mwenyewe, jua kali, wanyama wakipita wakimtazama. Hakuinua uso mpaka kapu la mwisho. Shimo likafunguliwa, watoto wakaingia.

Siku moja Nungunungu alipita karibu na mlango ule. Mtoto mdogo wa Ngiri akasikia hatua nje. Hakuuliza ni nani. Akachukua kibuyu, akatikisa, chakacha-chakacha.

Nungunungu akainama, akapita haraka.

Jamani, kuhama nyumba si kuhama deni. Ukiuza nyumba yenye rehani, mwenye rehani aambiwe, na mnunuzi asifundishwe uongo wako.

Ngano yangu imeishia hapo mlangoni. Aliyeacha mwiba wake kwa mtu, kesho akaushughulikie.